Paneli Iliyotazama Kibla

Kuze, Mombasa
6 Novemba 2024

Kwa mjukuu wangu Ruweida, mboni ya jicho langu lililobaki zima,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi huku tu wazima alhamdulillahi. Mamako Swafia hajambo, yuwakusalimu, na yuwauliza kama huko Lodwar wapata samaki au wala mchanga. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kanzu yangu ya Idi. Chumba chako cha juu mamako hukifagia kila Alhamisi. Nimemwambia akigeuze stoo ya ndimu, hataki kunisikia.

Sasa kaa kitako. Babu yako hivi leo ndiye bwana wa umeme wa jua Mji wa Kale mzima. Nimeajiri mafundi wanane, kila mmoja na kofia yake ya manjano. Kutoka Kuze mpaka Ndia Kuu hakuna paa ambalo sikulivika paneli. Watalii wameacha kupiga picha za milango, wapiga picha za kazi yangu. Bwana mmoja wa Kizingo, katika zile nyumba zenye bustani na mlinzi, ameniletea gari niende nikamtazamie paa lake, nami nimemwambia asubiri zamu.

Haya. Nimefika hapo, mamako kasoma begani kwangu, kacheka mpaka kanga ikamdondoka. Basi acha niseme kweli kabla hajakupigia simu. Mafundi wanane ni mmoja, naye si fundi wa umeme, ni Fondo, yule seremala wa Majengo aliyetutengenezea kitanda kinacholia. Paa ni moja, letu, lile la sakafu juu ya jiko. Paneli ni moja, kubwa kama sinia la pilau. Nimeinunua Makadara kwa mtu aliyeapa kwa mamake kwamba haijatumika, na huku ina mavi ya kunguru wa mwaka juzi. Inawasha taa mbili na redio yangu. Bwana wa Kizingo nimemtunga.

Lakini taa zawaka! Stima ilipokatika juzi, mtaa wote ukawa giza, mimi nikakaa barazani chini ya taa yangu nikijitia kusoma gazeti. Wewe wajua nilikuwa fundi wa karabai, zile taa za mafuta za kupampu. Kila nyumba ya Kuze ilikuwa na karabai, na kila karabai iliyoziba ilikuja kwangu. Stima ikaja, kazi yangu ikafa hivi hivi naiona, na hakuna aliyeniambia pole. Nikaapa sitapenda taa nyingine. Sasa naipenda hii, na nimeona haya kidogo, kama mjane aliyeoa tena.

Wiki iliyopita walikuja mabwana kwenye ukumbi pale Makadara, kutuambia jua litaleta ajira maelfu kwa maelfu na kuinua uchumi. Wakatuonyesha picha ukutani, wakatupa soda. Nikanyoosha mkono: "Hizo ajira ziko wapi?" Mmoja akanijibu, "Mzee, ziko njiani." Nadhani zimepitia Lodwar, maana moja yao imekuchukua wewe.

Paneli nimeielekeza kibla. Nilimwambia Fondo, "Kitu kinachotazama mbinguni mchana kutwa, na kipate thawabu." Akaniuliza, "Mzee, nami niliyebatizwa nikiifunga misumari, itawaka?" Nikamwambia ajaribu tu, Mungu si mchoyo wa jua.

Wauliza mbona sikupigii simu. Simu za siku hizi zina sauti ndogo, watu wazungumza ndani yake kama waliofunikwa blanketi. Mamako asema ni masikio yangu. Mamako amekuwa daktari lini? Hii barua yaja na basi, kwa ofisi ya vifurushi pale Mwembe Tayari, nawe nijibu vivyo hivyo. Darasa la nne nililoishia lanitosha.

Jambo lenyewe ni hili: nataka kujua kama paneli nimeiweka sawa. Hakuna jingine. Ile siku ya paa la jirani yetu Bi Fadhiya hatutaizungumza, imepita. Nimeitaja tu ili ujue kwamba sitaitaja.

Ni mimi babu yako,
Athmani


Lodwar
28 Novemba 2024

Babu yangu,

Waaleikum salaam. Nabusu mkono wako wa kulia, na wa kushoto pia usione wivu. Barua yako imekaa njiani siku sita. Ilipanda basi mpaka Kitale, ikalala huko, ikaja hapa juu ya lori la vitunguu, na bado yanukia. Niliisoma nimesimama. Nilipofika kwa bwana wa Kizingo wenzangu walidhani nimepatwa na wazimu kwa kucheka.

Mimi ni mzima. Samaki nala, mwambie Mama, lakini ni wa ziwani, na hakuna anayejua kupika mchuzi wa nazi kwa sababu hakuna nazi. Upepo wa hapa hauna chumvi. Asubuhi fundi wa magari jirani akianza kugonga bati, nikiwa bado kati ya usingizi, hudhani ni wewe wanyoosha kitako cha karabai. Kisha nafumbua macho.

Kazi ni hivi. Tuna kituo cha paneli mia tatu na sitini nje ya mji, na nyaya zinazokwenda kwenye vijiji viwili. Nilipofika, nilidhani kazi yetu ni kuwasha taa. Lakini mtu akishapata taa, wiki ya pili huja kuuliza kama umeme ule waweza kusaga mahindi. Kuna mama mmoja alikuwa akiuza samaki wakavu tu. Sasa ana friza, auza wabichi mpaka kwenye hoteli, na ameajiri mabinti wawili wa jirani. Kuna kinyozi, kuna mchomeleaji, kuna anayeuza maji baridi. Hao hawakuwamo katika hesabu ya kampuni. Mabwana wako wa soda hawakusema uongo, Babu, ila hakuna aliyewaambia kwamba ajira haishuki kutoka kwenye paneli kama maji ya mvua. Kuna mtu lazima apande akafunge, na mwingine chini awe na la kufanya na huo umeme.

Nilipoiona ile friza nilimkumbuka Bi Fadhiya na samaki wake wanaoharibika kila stima ikikatika.

Umesema hutaitaja siku ile. Basi acha niitaje mimi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza chuo. Bi Fadhiya aliniamini na paa lake nyumba zote zikiogopa. Ulikuja ukasimama njiani, watu wanatoka msikitini, ukaita kwa sauti ya muuza maji: "Teremka! Mjukuu wangu si kunguru!" Watu walicheka, Babu. Nilishuka na skrubu bado ziko mdomoni. Baada ya siku ile hakuna aliyeniita tena juu ya paa lolote Mombasa. Miezi mitatu nikakaa. Ndipo nikapanda basi.

Siandiki haya kwa hasira. Naandika kwa sababu kampuni imeniambia nitie sahihi miaka mitatu mingine, niwe msimamizi wa kituo. Wataka jibu kabla Februari haijaisha. Sijajibu.

Kuhusu paneli: igeuze itazame kusini. Zetu zote hapa zatazama kusini, ndiyo kanuni. Kibla ni cha swala. Na usipande wewe, mpandishe Fondo.

Mjukuu wako,
Ruweida


Kuze, Mombasa
19 Januari 2025

Kwa Ruweida, msimamizi mtarajiwa wa mchanga,

Assalaam aleikum. Nisamehe kuchelewa. Kalamu iliisha wino, kisha nikapata kalamu karatasi ikalowa, kisha karatasi ikapatikana nami nikawa na shughuli. Mwandiko ukiuona umelala, ni kwa sababu naandika nimelala. Nimelala kwa starehe. Mtu wa umri wangu hana haja ya kukaa wima mchana kutwa kama kibao cha duka.

Sisi wazima. Mamako mzima. Paka mzima. Joto limeshika, hata kuta zatoa jasho.

Sasa sikiliza vita vya Kuze. Barua yako ilipofika nilimwita Fondo, nikamwambia, panda ugeuze kitu kitazame kusini, hiyo ni amri ya Lodwar. Wewe wajua desturi yetu: mtu hapandi paani kabla ya kupiga ukelele "Hodi juu!" mara tatu na kungoja, ili wanawake walio nyuani mwao wajisitiri. Maana paa la mmoja ni dirisha la uani kwa jirani. Mimi nimeijua desturi hii tangu sijaota meno, nikasahau kwamba Fondo ni mtu wa Majengo, na kwake paa ni bati tu, chini yake kuna mvua na juu yake kuna paka. Akapanda kimya kama mwizi mwema.

Bi Fadhiya alikuwa uani kwake, kichwa kizima kimepakwa hina, amevaa kanga moja ya kifuani. Akainua mato, akamwona Mgiriama amesimama juu ya mbingu ameshika bisibisi.

Ruweida, ule ukelele hata mimi niliusikia.

"We! Watafuta nini huko juu?"

"Samahani mama, nageuza jua!"

"Wageuza jua? Nitakugeuza wewe uso utazame mgongo!"

Akamrushia ndala, ya kwanza ikamkosa, ya pili ikapata. Kabla ya alasiri wanawake wa mtaa wote walikuwa barazani kwetu, nami nikihukumiwa kama niliyemtuma jasusi. Hukumu yao: hakuna fundi mwanamume atakayepanda paa la Kuze tena, awe wa jua, wa mvua au wa mwezi.

Nikasema, "Haya, na paneli yangu ataigeuza nani?"

Bi Fadhiya akanitazama kutoka kofia mpaka makubadhi. "Panda wewe. Wewe umeshatoka katika hesabu ya wanaume."

Basi nikapanda, miaka yangu sabini na sita na yote. Nikapiga "Hodi juu!" mara tatu kwa adabu, nikaigeuza ikatazama kusini kama ulivyoamuru. Kisha nikashuka. Nilishuka upesi sana.

Hilo limekwisha. Sasa kuna jingine, nalo ni habari za mtaa tu, usilichukulie vingine. Siku chache baadaye Bi Fadhiya alirudi na wenzake wanane, wote watu wa friza: wa samaki, wa juisi, wa barafu, wa sambusa za kugandisha. Nilikuwa nimelala sebuleni, kwa starehe kama nilivyokwambia, wakanizunguka kama maiti. Bi Fadhiya akasema nusu ya faida yao yaliwa na tokeni za stima, na nusu ya pili yaoza stima ikikatika. Taa yangu wameiona. Wamekwenda kwa mhandisi mmoja wa Nyali kuuliza kama jua laweza kubeba friza, akawaambia laweza, kwa paneli kadhaa na betri. Na chama chao kimeshaanza kuweka akiba.

"Mwataka mapaa tisa yenye jua," nikamwambia. "Basi wekeni tisa."

"Twataka fundi mwanamke."

Nikasema fremu zao Fondo aweza kuzipiga chini barabarani, za mbao, fupi, zisionekane kutoka njiani, maana wenye ulinzi wa Mji wa Kale hawataki vyuma vining'inie mbele ya nyumba za kale. Fondo amenipigia hesabu kwamba kwa mapaa tisa atahitaji kuchukua vijana wawili wa kupiga randa. Na mwenye mkokoteni wa kubeba, na wa kuosha mavi ya kunguru kila wiki, hao nao ni watu. Nikasema, yote yawezekana. Lakini huyo mwanamke wa kupanda, atatoka wapi?

"Tulikuwa naye," akasema Bi Fadhiya. "Akateremshwa."

Akatazama dari. Wote wanane wakatazama dari. Mimi nami nikatazama dari. Dari yetu yahitaji chokaa, Ruweida, sikuwa nimeona.

Hizo ndizo habari. Mimi sisemi uje. Bi Fadhiya ndiye asemaye, nami ni mpelekaji tu. Cheo cha msimamizi ni kikubwa, usikipuuze kwa ajili ya samaki wa watu.

Ni mimi,
Athmani


Lodwar
4 Februari 2025

Babu,

Waaleikum salaam. Leo sitaanza na mzaha.

Barua yako nilipoiona mwandiko wake sikutulia. Wewe herufi zako husimama kama askari wa zamani, nami nimejifunza kusoma kwa herufi hizo. Hizi zilikuwa zimeanguka. Jana nilipanda kilima kule kwenye mtandao nikampigia Mama. Nikamuuliza, "Mama, Babu yu hali gani?" Akasema mzima. Nikamwambia, "Apa." Akaanza kulia, nami juu ya kilima nikaanza kulia, na mchunga mbuzi akanikalisha chini akanipa maji.

Kwa hivyo najua. Najua ulianguka tarehe kumi na saba Desemba kutoka paa la jiko. Najua mguu umevunjika chini ya goti na umefungwa plasta, na nyonga imeteguka, na kwamba ulimwapisha Mama asiniambie. Siku thelathini na tatu ulilala, kisha ukaniandikia kwamba ulishuka upesi.

Sasa nikwambie kitu ambacho ni kibaya zaidi, na sina wa kumwambia ila wewe.

Paneli ilikuwa sawa ulivyoiweka.

Wiki iliyopita tulipokea wanafunzi wapya, nikawa nawaeleza kwa nini zetu zatazama kusini. Nikachora dunia, nikachora mstari wa ikweta, nikawaonyesha Lodwar iko juu ya mstari, kwa hivyo ukijumlisha mwaka mzima jua laegemea upande wa kusini kwetu. Mmoja akauliza, "Na walio chini ya mstari?" Nikasema hao hutazama kaskazini. Nikaweka kidole chini ya mstari ili nitoe mfano wa mji, na kidole kikatua Mombasa. Nikaweka chaki chini, nikawaambia tumeishia hapo kwa leo.

Mombasa iko chini ya ikweta, Babu. Paneli ya kwetu hutazama kaskazini, na kibla cha kwetu ni kaskazini. Wewe uliyeishia darasa la nne uliiweka sawa kwa dini, na mimi mwenye cheti niliiharibu kwa kanuni ya mahali pengine. Tena tofauti yenyewe ni ndogo mno huko kwetu. Miezi hii ambayo jua liko kusini usingeiona kabisa. Ulivunjika mguu kwa kitu ambacho hakikuhitaji kuguswa.

Nimekaa huku miaka miwili, nikasahau kwetu ni upande gani wa dunia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Ningependa kusema naja kesho. Lakini nitakuuliza kwanza, nawe usinijibu kwa mzaha. Mapaa tisa nimeyasikia. Friza nimezisikia. Bi Fadhiya nimemsikia. Hapa nina kazi, nina mshahara, na hakuna anayesimama chini ya ngazi kunipigia kelele. Nikirudi Kuze nitapanda mapaa yale yale, mbele ya watu wale wale waliocheka. Nani aniitaye, Babu? Ni Bi Fadhiya, au ni wewe?

Jibu la kampuni ni tarehe ishirini na nane.

Ruweida


Kuze, Mombasa
20 Februari 2025

Kwa Ruweida binti Swafia, mjukuu wangu wa pekee,

Assalaam aleikum warahmatullahi. Leo nimekaa kitini, angalia herufi zangu, zimesimama. Mamako hajambo, na amejipa mwenyewe kafara ya kiapo kwa kufunga siku tatu, ingawa Ramadhani iko mlangoni. Mimi nimemwambia kiapo cha kumficha mtoto habari ya babu yake mzaa mama hakina uzito, lakini apenda kufunga, mwache.

Barua yako nilimpa anisomee, nikajitia sisikii mahali pa kilima. Akarudia. Nikajitia tena. Akarudia kwa sauti mpaka majirani wakajua umelia. Basi na tulimalize na hili: masikio yangu hayasikii. Ndiyo. Mwaka wa tatu sasa. Andika hapo ulipo kwamba Athmani amekubali, maana sitakubali mara ya pili.

Kuhusu kosa lako, nilicheka mpaka plasta ikapasuka nyuzi. Mtoto ana cheti cha serikali na babu ana msala wa kuswalia, msala ukashinda! Nimewaambia barazani wote. Imamu amenikataza kuitumia kama hoja. Lakini usiibebe, Ruweida. Uliandika nisipande. Nilipanda kwa sababu Bi Fadhiya alisema nimetoka katika hesabu ya wanaume, nami nikataka kurudi katika hesabu. Nilianguka kwa kiburi, na kiburi hakijui kaskazini wala kusini.

Sasa la kwako.

Nilikaa siku nne nikilitafuna. Nimeandika karatasi mbili za mzaha nikazichana. Hatimaye nikaona kwamba jambo lile nililitenda njiani, mbele ya watu, kwa hivyo haliwezi kurekebishwa katika bahasha. Ijumaa iliyopita nikamwambia Fondo na mwenzake wanibebe na kiti mpaka mbele ya nyumba ya Bi Fadhiya, pale pale nilipokuwa nimesimama siku ile. Wakanitua watu wakitoka msikitini. Nikangoja njia ikajaa.

Nikasema: "Enyi watu wa Kuze. Miaka miwili iliyopita nilimteremsha mjukuu wangu kutoka paa hili. Hakuwa na kosa. Kazi aliijua, na heshima alikuwa nayo kuliko mimi niliyempigia kelele. Niliogopa maneno yenu. Nilijua mtasema, Athmani fundi wa karabai amekosa mtu wa kumlisha, amempandisha binti juu ya paa. Nikaona bora aaibike yeye kuliko mimi. Namwomba radhi, na nyinyi ni mashahidi."

Nilidhani nimesema kwa sauti ya kawaida. Mamako asema walisikia mpaka Mkanyageni.

Watu wengine walikuwa wametazama viatu vyao, wale wale waliocheka, maana kicheko nacho kina wenyewe. Bi Fadhiya akafungua dirisha la juu. "Umechelewa miaka miwili, Athmani," akasema, "na samaki wangu wameoza mara nane."

"Najua."

"Ila umesema vizuri. Ngoja hapo."

Nikangoja, ningekwenda wapi? Akashuka, akaingia nyumba yetu, akapanda ngazi yetu mwenyewe na miaka yake sitini, akaita "Hodi juu!" mpaka njiwa wakaruka, akaigeuza paneli yetu ikarudi kaskazini. Mimi niko chini kitini, namwona kichwa tu na buibui lapepea, na vijana wote wanikodolea macho wanione nitasema nini. Nilishika kofia yangu tu.

Sasa mtaani mzaha wote umehamia kwangu, nami nimeustahili. Fondo ameshapiga fremu tatu na kuziegemeza ukutani, na wale vijana wawili amekwisha kuwachukua, wapiga randa njiani na kuwazibia watu njia. Amejifunza na kupiga hodi, sasa apiga hodi hata akiingia chooni. Chama kimefikia paneli za friza nne za kwanza. Kazi iko, Ruweida, si ya soda ile. Ina majina ya watu.

Umeuliza nani akuitaye. Bi Fadhiya ataka fundi, na fundi akikosa huyu atapata mwingine, Mombasa ni kubwa. Mimi ndiye nikuitaye. Chumba chako cha juu mamako akikifagia, mimi hukaa chini ya ngazi nikisikiliza ufagio, na hapo huwa sisikii vizuri pia, nikadhani ni wewe. Jioni nikiwasha ile taa huwa sina wa kumwonyesha. Nimewasha taa za watu maisha yangu yote, hakuna hata moja niliyokaa chini yake nikaona nyumba tupu kama hivi.

Nimesema. Sasa sikufungi kwa maneno yangu. Ukitia sahihi yako huko, tia kwa mkono ulionyooka, uwe msimamizi, na atakayekuuliza mwambie babu yangu amenipa ruhusa, tena amenipa hadharani. Miaka mitatu si milele. Mimi nitajitahidi nisife, nimeshamwambia daktari.

Ila nina dai dogo. Tangu uote kucha mpaka ulipotimiza miaka tisa, nani alikukata kucha kila Ijumaa baada ya kuoga? Mamako alikuwa akikukata mpaka kwenye nyama, ukaja kulia kwangu. Nikachukua wembe wangu wa kusafishia karabai nikauchemsha, nikakuweka gotini, nikakukata moja moja, nikikwambia hadithi ya uongo kwa kila kidole. Vidole ishirini, hadithi ishirini, kila Ijumaa. Sijawahi kudai.

Nyonga hii imekataa kukunja. Miguu yangu siifikii tena, naiona tu kule mbali kama nyumba za Likoni. Kucha za miguu zimekuwa ndefu, zashika shuka. Mamako amejitolea, nimemfukuza. Fondo amejitolea kwa randa.

Basi njoo unikate. Hata ukiwa umetia sahihi huko, pita. Hadithi nitasema mimi. Sitaki Ijumaa zote, nataka moja.

Ni mimi babu yako,
Athmani